Matandiko mepesi ya usiku wa Muzdalifa: mwongozo kwa hujaji wa Zanzibar anayekwenda kwa miguu

Msimu wa semina za Hijja ukifika Unguja na Pemba, maswali ya mahujaji huwa ni yale yale: namna ya kufunga ihramu, idadi ya vijiwe, fidya ya hiki na ya kile. Suala la kulalia huulizwa mwisho, watu wameshasimama wanatafuta viatu vyao, na jibu huwa "chukua mkeka". Jibu hilo halitoshi. Usiku wa kuamkia Idi hujaji analala Muzdalifa juu ya ardhi, hana hema wala godoro, na kukicha inamngoja siku nzito kuliko zote: kurusha mawe Jamaratul Aqaba, kuchinja, kunyoa, na kwa wengi kutufu. Mtume (S.A.W.) alipofika Muzdalifa aliswali Magharibi na Isha, kisha akalala mpaka alfajiri. Hivyo ndivyo ilivyo katika hadithi ndefu ya Jabir iliyomo kwenye Sahihi Muslim. Usingizi wa pale, basi, ni sehemu ya mwendo wenyewe wa Hijja, na unastahili kuandaliwa kama vinavyoandaliwa vingine.

Mwongozo huu ni kwa yule ambaye yeye na kundi lake wamekubaliana kwenda kwa miguu kati ya Mina, Arafa na Muzdalifa, au angalau kipande cha njia hiyo. Anayepanda basi au treni ya Mashaair atafaidika pia, ila yeye mzigo haumkati mabega.

Hatua ya kwanza: jua utalala wapi na utatembea kiasi gani

Tarehe 8 Mfunguo Tatu (Dhulhija) mnakwenda Mina, kama kilomita 7 kutoka Makka. Usiku huo mnalala ndani ya mahema ya Mina, ambayo tangu ule moto mkubwa wa mwaka 1997 yamejengwa kwa kitambaa kisichoshika moto. Ndani mna kiyoyozi, na kwa kawaida kila mtu anakuta kigodoro chake chembamba kimepangwa begani kwa bega na cha mwenzake. Asubuhi ya tarehe 9 safari ni ya Arafa, kilomita 14 hivi. Jua likizama mnarudi Muzdalifa, kilomita 8 au 9 nyingine, usiku, katikati ya umati. Kutoka hapo hadi kwenye Jamarati ni mwendo mwingine, kwa sababu Jamarati ziko ncha ya pili ya Mina, upande wa Makka.

Kwa hiyo tandiko lako linabebwa siku mbili kwa ajili ya usiku mmoja wa ardhini. Mina utakuwa na kitu cha kulalia, utakachohitaji ni cha kujifunika tu. Ukilielewa hili, nusu ya vitu ulivyokuwa umevipanga utavirudisha kabatini.

Angalia pia kalenda. Hijja inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa jua: mwaka 2026 inaangukia mwishoni mwa Mei, na kufikia 2030 itakuwa katikati ya Aprili. Kwa wenyeji wa kule hiyo ndiyo miezi ya machipuko, lakini usidanganyike na neno hilo. Mwezi wa Mei Makka hupita nyuzi 40 mchana, na usiku joto hushuka kidogo tu chini ya 30. Hijja ya Juni 2024 ilipoteza watu zaidi ya 1,300 katika joto kali, na wengi wao walikuwa wametembea masafa marefu juani bila ya kivuli wala pa kupumzikia. Blanketi zito la kuzuia baridi halina kazi Muzdalifa, na mzigo usio na kazi katika joto kama lile ni hatari kwa mwili.

Hatua ya pili: weka ukomo wa uzito

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa. Hiyo ni kilo moja na nusu. Tandiko lako lote, la chini, la juu, mto na kamba ya kufungia, lisizidi hapo. Ukiweza kulishusha hadi kilo moja, shusha. Maji ndiyo yenye haki ya kuwa mazito katika begi lako, na kila gramu unayoiondoa kwenye matandiko ni nafasi ya maji.

Usikisie kwa mkono. Peleka vitu vyako kwa muuza duka wa mtaani akupimie kwenye mzani wa unga na sukari, kimoja kimoja, uandike. Utashangaa. Taulo mbili nzito za ihramu, zile nene za pamba ambazo watu wanazipenda kwa kuwa zinaonekana za heshima, peke yake zinaweza kupita kilo moja, na zikiloa jasho zinaongezeka. Hizo umezivaa, hazimo kwenye hesabu ya tandiko, lakini mwili unazibeba vile vile. Chagua nyembamba.

Hatua ya tatu: anza na cha chini

Wengi huanza kutafuta cha kujifunikia. Muzdalifa kinachokukosesha usingizi kinatoka chini. Ardhi yake ni kokoto, saruji na lami, imepigwa na jua mchana kutwa, na usiku inaendelea kutoa joto. Kwa hiyo cha chini kina kazi tatu: kuzuia vijiwe visikuchome, kuzuia joto la ardhi, na kukutenga na uchafu na majimaji ili nguo yako ibaki tohara.

Mkeka wetu wa ukindu naupenda kuliko kitu chochote kwa kulalia barazani. Unapitisha hewa, haushiki jasho. Lakini haukunjiki, unakunjwa kwa kuviringishwa tu, na ukiulazimisha ukili unavunjika. Mkeka mrefu ulioviringishwa ukiuchukua begani ndani ya umati wa watu laki kadhaa utawapiga wenzio usoni. Uache nyumbani. Ukiwa huwezi kuachana nao, msala mdogo wa kuswalia unatosha kuwa juu ya kitu kingine.

Mkeka wa plastiki unaouzwa Darajani na Mwanakwerekwe ni mwepesi na unafutika, ila ni mwembamba: kokoto zote utazihesabu kwa mbavu. Ukiwa ndio uwezo wako, utumie, lakini uweke kitu chini ya nyonga na bega.

Ninachokipendekeza mimi ni kimkeka cha sponji ngumu, ile isiyonyonya maji, aina wanayoitumia watu wa mazoezi na wa kambi. Unene wa milimita 8 hadi 10 unatosha. Kiwe chepesi, gramu 300 au 400. Kuna vingine vya mpira mzito vinavyofika kilo nzima, hivyo viache. Dukani dondosha tone la maji juu yake. Likikaa juu, nunua. Likizama, hiyo ni sponji ya godoro, italoa jasho na haitakauka.

Kisha kikate. Ndiyo, chukua mkasi. Mtu mzima anahitaji sponji kuanzia begani hadi chini ya nyonga. Miguu itakaa juu ya begi lako lililolazwa, na kwa mtu aliyetembea tangu alfajiri kuinua miguu kidogo ni raha kubwa. Kipande kilichobaki usikitupe, mpe mwenzako wa kundi akikalie.

Magodoro ya kujaza upepo ni mepesi pia na yanakunjika hadi kutosha mkononi. Siyapendi kwa Muzdalifa. Kokoto moja yenye ncha inatosha kulimaliza, na saa sita za usiku hakuna mtu wa kukuzibia tundu. Kwa mzee mwenye maumivu makali ya mgongo naweza kukubali, kwa sharti kwamba chini yake kuwe na mkeka wa plastiki.

Hatua ya nne: cha kujifunikia, na hukumu zake

Hapa hujaji hawezi kununua kama anavyonunua msafiri mwingine, kwa sababu amo ndani ya ihramu.

Mwanamume aliye kwenye ihramu hafuniki kichwa. Cha kujifunikia kiwe cha kuishia mabegani, na ajizoeze hivyo, maana wengi wetu tumezoea kujigubika shuka mpaka utosini kwa ajili ya mbu. Ikitokea amelala ikapanda kichwani bila ya yeye kujua, akiamka aiondoe mara moja. Kuweka kichwa juu ya mto hakuna ubaya.

Mfuko wa kulalia wenye zipu, ambao watembeaji wa nchi nyingine wanausifu sana, unamzunguka mtu mwili mzima, na hapo panaingia suala la kilichoshonwa kwa kuuzunguka mwili. Wapo wanazuoni wa zama hizi walioruhusu kuutumia kwa sharti la kutofunika kichwa, lakini sisi wengi huku ni Shafii na Shafii wana maneno yao kuhusu kinachouzunguka mwili. Muulize sheikh wa kundi lako kabla ya kutoa pesa. Ukitaka kuwa salama bila ya swali lolote, chukua kitu cha wazi, kisicho na zipu wala mshono wa kuunganisha: shuka, kanga, kikoi au kiblanketi. Katika joto la Mei huhitaji zaidi ya hapo.

Hariri nayo. Kuna shuka za hariri za kusafiria, nyepesi mno, zinakunjika zikawa ukubwa wa embe. Kwa mwanamke ni nzuri. Kwa mwanamume hariri ni haramu kuivaa, na kwa Shafii hata kuikalia na kuilalia, awe kwenye ihramu au nje yake. Soma kibandiko cha kitambaa kabla ya kumnunulia baba yako.

Baada ya hayo, uchaguzi wenyewe ni mwepesi. Kwa mama zetu hakuna kinachoishinda doti ya kanga isiyokatwa. Imefunguliwa yote inakufunika kuanzia shingoni hadi kwenye vidole vya miguu, haifiki nusu kilo, mchana inakuwa kivuli, na ikihitajika inazungushiwa mama mwenzio anayebadilisha nguo. Chagua kanga ya pamba iliyokwishafuliwa mara kadhaa, mpya ina uwanga na haishiki jasho vizuri. Kwa wanaume, kikoi cha wazi. Sisemi msuli ulioshonwa ukawa duara, nasema kikoi ambacho ncha zake mbili ziko huru, ili kisichanganywe na mavazi.

Pamba ina kasoro moja: ikiloa inakuwa nzito na inachelewa kukauka. Mwenye kutoa jasho jingi achukue shuka ya kitambaa chepesi cha nailoni laini au mikrofaiba, inakauka upesi hata ukiifua hotelini usiku. Nayo ina kasoro yake, inanata mwilini. Mimi nachagua pamba, lakini simlaumu anayechagua vinginevyo.

Usiku wa Mina unataka kitu cha ziada kidogo, kwa sababu ya kiyoyozi. Atakayepangiwa mahali pa chini ya upepo wake atatetemeka, hali nje ni moto. Kiblanketi chembamba cha ndege, cha gramu 200 au 300, kinafaa, na Muzdalifa unakikunja kikawa mto. Kwa njia hiyo mto haubebwi kabisa. Mwenye shingo ya shida achukue kimto cha kupuliza, hakifiki gramu 100, aweke foronya ya pamba juu yake.

Hatua ya tano: ondoa manukato

Hatua hii ni yetu hasa watu wa visiwani, na hakuna mwongozo wa kigeni utakaokuambia. Nyumba zetu zinanukia. Shuka zinafukizwa udi kwenye chetezo, kabatini mna vikuba vya asumini na kilua, na anayesafiri safari ya heri ndiye anayefukiziwa zaidi, kwa mapenzi. Aliye kwenye ihramu amekatazwa manukato, na katazo hilo halikomei mwilini na kwenye nguo: katika madhehebu ya Shafii, kulala juu ya tandiko lililotiwa manukato kunaleta fidya.

Wiki mbili kabla ya safari, fua kila kitu cha kulalia kwa sabuni ya mche isiyo na harufu. Usitie dawa ya kulainisha nguo. Anika juani. Hijja ya Mei na Aprili inakutana na masika yetu, kwa hiyo usingoje siku ya mwisho: nguo inayoanikwa ndani ya nyumba siku tatu inashika ukungu na harufu mbaya. Ukibahatika na jua la asubuhi, toa vyote kwa pamoja. Vikishakauka vifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uukaze, na usiviweke kwenye sanduku pamoja na nguo za kawaida zilizofukizwa. Waambie na watu wa nyumbani. Bibi akija usiku wa kuagana na chetezo chake, mpe zile nguo utakazovaa baada ya kutoka kwenye ihramu azifukize hizo, ili moyo wake uridhike na ibada yako isalimike.

Hatua ya sita: lifungashe lipate kubebeka

Shuka na kiblanketi zikunjwe bapa, ziwekwe katikati ya kimkeka cha sponji, kisha kiviringishwe na kufungwa kwa vipande viwili vya lastiki pana. Fundi cherehani yeyote wa Mlandege au Chake Chake atakushonea mfuko mwembamba wa kitambaa wenye mkanda wa kupita begani kwa muda wa nusu saa. Furushi lilale kwa urefu mgongoni, lisitoke nje ya mabega yako. Ndani ya umati kinachochomoza kinanaswa.

Acha nafasi ya kifuko cha vijiwe. Kitambulisho cha Nusuk (kadi rasmi ya hujaji), dawa na simu visiwekwe ndani ya tandiko hata kidogo. Hivyo vikae mwilini.

Andika jina la kundi lako kwa kalamu ya wino usiofutika. Kimkeka cheusi cha sponji kinafanana na vingine elfu.

Hatua ya saba: jaribu nyumbani

Wa Unguja, toka Darajani baada ya Magharibi utembee mpaka Bububu na tandiko lako na maji yako. Ni karibu na masafa ya Arafa hadi Muzdalifa. Wa Pemba, tafuta kipande cha barabara cha kilomita 9 kati ya Chake na vijiji vya jirani. Nendeni wawili watatu, mvae viatu vile vile mtakavyovaa kule.

Mkifika msilale kitandani. Tafuta pahala penye kokoto, hata kama ni zile zilizomwagwa kwa ajili ya ujenzi, tandika na ulale angalau saa tatu. Hapo ndipo utakapojua kama milimita 8 zinakutosha, kama kikoi kinakufika miguuni, na kama unaweza kuinuka peke yako kutoka chini. Swali hili la mwisho ni zito kwa wazee. Kama mama hawezi kuinuka, kundi lijue mapema na apangiwe wa kumshika mkono. Sponji yake ikikunjwa mara mbili inakuwa kiti cha kumpunguzia masafa ya kuinuka. Na akumbushwe kwamba wanawake na wanyonge wana ruhusa ya kuondoka Muzdalifa usiku ukishapita nusu, wasilazimike kungoja alfajiri. Huyo tandiko lake lifungwe mapema zaidi kuliko la wengine.

Hatua ya nane: Muzdalifa yenyewe

Mkifika, swalini kwanza. Kisha kiongozi achague pahala: mbali na njia ya kupitia watu, mbali na mlango wa vyoo, na pasiwe kwenye mteremko unaopokea maji kutoka huko. Kuna taa kubwa zinazowaka usiku kucha, kwa hiyo jipangeni migongo ikizielekea. Kabla ya kutandika, pitisha kiganja cha mkono juu ya ardhi uondoe kokoto kubwa. Dakika moja ya kazi hiyo inakupa saa nzima ya usingizi. Vijiwe viokoteni wakati huo huo ili asubuhi msihangaike.

Wanawake walale upande mmoja na wanaume upande mwingine, wazee katikati, vijana pembezoni kwa upande wa njia. Viatu viwekwe chini ya begi la miguuni, siyo kando. Kunywa maji kiasi, uweke chupa karibu na mkono, ulalie ubavu wa kulia.

Alfajiri, mkishaswali na kuomba dua, kila mtu akung'ute na akunje chake. Muzdalifa asubuhi ya Idi huachwa imejaa mikeka na mablanketi yaliyotupwa. Chako usikiache: kimkeka kile kile utakikalia Mina ukingoja zamu ya kunyoa, na nyusiku za Mina zilizobaki kitaongezwa juu ya kigodoro cha hema kwa mwenye kuumwa nyonga. Shuka ifuliwe siku hiyo hiyo ukipata maji, kwa kuwa jasho la Arafa likikaa siku mbili ndani ya mfuko uliofungwa halitoki kwa sabuni ya mche.